Kwa Katibu wa Kundi

Nimeandika barua ya kuacha.
Iko mfukoni mwa sketi yangu ya kaki, hii Jumamosi ya tatu,
imelowa mara mbili, imekauka mara mbili,
wino umeanza kugeuka zambarau.

Saa mbili kamili napuliza filimbi.
Saa mbili na nusu wamefika tisa, kati ya thelathini na mmoja.
Ombeni anachuma kahawa kwa bibi yake Kibosho,
Shufaa yuko madrasa mpaka saa nne,
mapacha wa Nderingo wana mafundisho ya kipaimara,
na Mbazi, ah, Mbazi kawa kijana wa bodaboda.
Juzi kanipita Pasua, abiria wawili nyuma,
kaachia usukani kunipigia saluti ya vidole vitatu.
Nikacheka. Kisha nikaogopa.

Stoo ya shule ina kufuli,
kufuli lina ufunguo,
ufunguo una mlinzi,
mlinzi ana msiba Rombo.
Basi mafundo tunajifunzia kamba ya kuanikia
niliyoifungua uani kwangu alfajiri;
nguo nimezitandaza juu ya michongoma.

Hema ni moja. Lina dirisha
ambalo hakulishona fundi, alilikata panya.
Skafu ni kumi na mbili; tunapokezana,
anayeongoza wimbo anavaa, akimaliza anavua.

Mama mmoja alinikuta Mbuyuni,
kibandani ninapouza nati na bolti kwa kupima.
"Mwalimu, kwani wanakulipa ngapi?"
Hawanilipi, mama.
Akanitazama kama anavyotazamwa muuza nyama
aliyeweka kidole kwenye mizani.
"Bure? Siku hizi?"
Akaondoka bila kununua hata msumari.
Wiki haijaisha nikasikia
hela za kambi nimejengea choo.
Hela za kambi!
Elfu arobaini na tatu,
na ishirini humo ni zangu.

Tulianza na Hawaeli. Kapata kazi Dodoma,
kaniachia mhuri, daftari, na "Mungu akubariki, dada."
Mwenyekiti hapokei simu tangu Pasaka.
Mweka hazina alikuwa mume wangu;
alijiuzulu kwa mdomo, usiku,
akiwa ameugeukia ukuta.

Sasa nikueleze ya Jumamosi iliyopita.
Tulikuwa ukingoni mwa msitu wa Rau, mawingu yameuficha mlima,
na Anaeli, miaka kumi, alikuwa akila kiapo.
Anaeli ana kigugumizi.
Alifika kwenye "nitajitahidi" akakwama.
Ni. Ni. Nita. Ni.
Mvua ikaanza, ile ya matone manene.
Nikafungua kinywa nimsaidie,
Shufaa akanikata jicho.
Watoto kumi na wanne, mkono juu, vidole vitatu,
maji yanawatiririka mpaka kwapani,
mikono inatetemeka,
hakuna aliyeushusha.
Hakuna aliyecheka, hata Ombeni,
ambaye huwa anacheka misibani.
Nitaji. Nitaji.
Sijui zilipita dakika ngapi.
Likatoka, zima, kama mwiba unavyotoka nyayoni.

Ningependa kusema nililia.
Nilikuwa nahesabu waliokosa koti
na kuwaza nitawaambia nini mama zao.

Usiku nikaitoa barua, nikaikausha kwa pasi.
Juu imeandikwa: Kwa Katibu wa Kundi.
Katibu ni mimi.
Nikaipokea.
Nikaiingiza kwenye daftari, barua namba saba,
nikaigonga mhuri wa Hawaeli.
Nikachukua karatasi nyingine, nikajijibu kwa adabu:
Barua yako imefika, Mwalimu Aikande.
Itajadiliwa kwenye kikao.
Kikao hakina akidi.
Kwa sasa, Jumamosi, saa mbili kamili,
usisahau kamba.